Mvuke wa Bafuni Utokee Wapi: Ukutani, Upenuni au Paani?

Dari la bafu letu hapa Entebbe lilianza kwa doa moja la rangi ya chai, pana kama sahani, juu kidogo ya shawa. Kwa kuwa ilikuwa Aprili na mvua ilikuwa ikimwagika kila alasiri, sikuwa na shaka kwamba bati limetoboka, nikamwita fundi wa paa. Alipanda ngazi, akasukuma kifuniko cha dari, akamulika tochi ya simu upande wa chini wa mabati, kisha akaniita nipande nijionee mwenyewe. Matone yalikuwa yamejipanga kwenye mabonde ya bati kama shanga zilizotungwa, misumari ilikuwa imezungukwa na kutu, na mbao za kenchi zilizokuwa karibu zilikuwa zimelainika kiasi kwamba ukucha uliacha alama. Hakukuwa na tundu hata moja. "Mama, paa lako halivuji," alisema. "Haya ni maji yenu ya kuoga."

Feni ya kutolea hewa ilikuwepo, ilikuwa ikizunguka vizuri, na ilikuwa ikipuliza mvuke wote ndani ya dari. Aliyeifunga kabla hatujahamia aliona kwamba kazi yake ni kuitoa hewa bafuni. Inakokwenda baada ya hapo haikumhusu. Tangu siku hiyo nimefungisha feni mbili, moja ikipitia ukutani na nyingine ikipitia paani, na kwa jirani nimeona matokeo ya ile inayotokea upenuni. Ninazilinganisha hapa kwa ajili ya mtu anayejenga au kukarabati nyumba Uganda, ambako nyumba nyingi hazina ghorofa na zimeezekwa kwa mabati, na ambako mafundi wengi wa umeme wanajua kufunga feni lakini wachache ndio wanaouliza hewa itatokea wapi.

Kwanza, darini hapahesabiki kuwa ni nje

Bati ni jembamba na limeelekea mbingu wazi. Usiku usio na mawingu hupoteza joto lake upesi, na kufikia alfajiri huwa baridi kuliko hata hewa inayolizunguka, kwa hiyo mvuke wa maji ya moto ukiligusa hugeuka maji papo hapo. Bahati mbaya ni kwamba saa kumi na mbili asubuhi, watoto wanapooga kwa zamu ili wawahi shule, ndiyo saa ambayo bati lina baridi kali kuliko zote. Dari la jipsamu hufyonza maji hayo, likavimba na kulegea; dari la mbao hustahimili zaidi lakini huota kuvu upande usioonekana; dari la plastiki halioni shida yoyote, na kwa sababu hiyohiyo ndilo linaloficha madhara kwa muda mrefu zaidi.

Wapo watakaokuambia kwamba dari linapumua kupitia upenuni, kwa hiyo mvuke utatoka wenyewe. Katika nyumba iliyoachwa wazi huko juu kuna ukweli kidogo, ila nyumba zetu nyingi zimezibwa upenuni kwa makusudi, kwa sababu aliyewahi kuishi na popo juu ya kitanda chake hawezi kuacha mwanya. Njia hii basi naiondoa kabisa katika ulinganisho, ingawa ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo utakayopewa usiposema lolote.

Je, unahitaji feni?

Swali hili ni la haki, kwa kuwa matundu ya hewa juu ya dirisha yamezifaa nyumba za Uganda kwa miaka mingi bila kutumia hata yuniti moja ya umeme. Kule Gulu au Arua katika miezi ya kiangazi, kuanzia Desemba hadi Februari, dirisha likiachwa wazi kwa nusu saa bafu hukauka, na fedha ya feni ni afadhali iwekwe kwenye wavu mzuri wa mbu. Kabale, ulioko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ni kisa kingine: hakuna anayefungua dirisha la bafuni alfajiri ya baridi kule, na kuta zenyewe ni baridi kiasi kwamba maji hutiririka kwenye vigae. Huku kando ya ziwa hewa ya nje nayo ina unyevu, na dirisha lililo wazi jioni hukaribisha mbu na usubi wa ziwani. Bafu lililo katikati ya nyumba, lisilo na ukuta wa nje, halina mjadala. Bila feni haliwezi kukauka popote nchini.

Ukutani

Bafu likiwa na ukuta wa nje, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kabla ya nyingine yoyote, na sababu kubwa ni ufupi wake. Ukuta wa tofali la inchi tisa una unene wa sentimita 23 hivi, ukiongeza plasta haufiki sentimita 30, na hewa inayosafiri umbali huo ndani ya bomba lililonyooka haipotezi nguvu yoyote ya kutajwa. Feni ya kawaida ya milimita 100 huingia katika bomba la PVC la inchi 4, lilelile la maji machafu linalouzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo hakuna kifaa cha kuagiza mbali. Kipande kimoja cha bomba, kofia ya nje yenye vibao vinavyofunguka hewa inapotoka na kujifunga feni inapozimwa, silikoni, saruji kidogo, na kazi imekwisha kwa siku moja.

Ugumu uko katika kutoboa. Mafundi wachache wana mashine ya kukata tundu la duara. Wengi hutumia nyundo na tindo, na tindo likipigwa kutoka ndani peke yake humwaga plasta ya nje kipande cha ukubwa wa sinia. Fundi wangu alichora duara, akatoboa vitundu vidogo kuuzunguka mstari kwa drili ndefu hadi vikatokea ng'ambo, kisha akapiga tindo nusu kutoka ndani na nusu kutoka nje. Kabla ya hapo alipima mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha. Tundu lisiguse mkanda huo kwa hali yoyote, kwa kuwa ndani yake zimo nondo zinazoifunga nyumba nzima. Kama hakuna nafasi kati ya mkanda na dari, tundu lishuke chini yake.

Bomba lisilale sawa. Lazima lielekee nje kwa mteremko mdogo, sentimita moja au moja na nusu katika unene wa ukuta, ili mvua inayosukumwa na upepo na maji yanayojikusanya bombani vyote viishie nje. Kosa hili ni la kawaida kuliko unavyodhani, kwa sababu jicho la fundi wa ukuta limezoea kulaza kila kitu sawa na pimamaji.

Njia ya ukutani ina kasoro mbili za kweli. Ya kwanza ni upande wa ukuta wenyewe: kama ndio upande unaopigwa na mvua za upepo, ambao utautambua kwa madoa ya matope yaliyopanda juu kwenye plasta, vibao vya kofia vitapigapiga usiku kucha na hewa itarudishwa ndani. Ya pili ni majirani. Katika viwanja vya Kampala ambako kutoka ukuta wa nyumba hadi uzio ni hatua moja, na ng'ambo ya uzio kuna dirisha la chumba cha kulala cha mtu, unampelekea harufu ya choo chako kila asubuhi. Tembea nje uone kilicho mbele ya tundu kabla hujatoboa.

Upenuni

Jirani yangu aliipenda njia hii kwa sababu haionekani na haitoboi ukuta wala bati. Feni iko darini juu ya shawa, bomba linalokunjika limelazwa juu ya dari hadi upenuni, na kwenye mbao za chini ya upenu kuna kichungi cheupe kinachopendeza macho. Kwa mtazamo wa nje, ni kazi safi kuliko yangu.

Lakini hewa yenye joto hupanda. Mvuke ukitokea chini ya upenu huambaa na mbao, ukafika penye mwanya au kitundu cha hewa, na kurudi darini ulikokuwa umeokolewa. Kwa jirani, matundu ya hewa ya upenu yalikuwa hatua moja kila upande wa kichungi chake, na mbao zilizo kati yake zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi ndani ya msimu mmoja wa mvua. Isitoshe, bomba laini lilikuwa limelegea kati ya boriti mbili likafanya tumbo, na katika tumbo hilo palikuwa na maji ya kujaza kikombe. Hewa haikuwa na pa kupita ila juu ya maji hayo, na feni ilikuwa ikivuma kwa uchungu bila kutoa kitu cha maana.

Upenu unaweza kukubalika kwa masharti: uwe umezibwa kabisa pande zote mbili za kitokeo kwa mita moja au mbili, kitokeo kiwe ukingoni kabisa karibu na ubao wa mbele na kielekezwe nje badala ya chini, bomba liwe la PVC gumu au, likiwa laini, livutwe linyooke na kushikiliwa kwa mikanda. Mtu aliyetimiza yote hayo atakuwa ametumia muda na fedha kuliko kutoboa ukuta, na ndiyo maana naiona njia hii kuwa nafuu ya jina tu.

Paani

Kwa bafu la katikati ya nyumba hakuna njia fupi kuliko kwenda juu. Bomba likisimama wima, joto la mvuke lenyewe huisaidia feni, kitokeo kiko mbali na madirisha ya kila mtu, na harufu haimfikii jirani. Hofu ya kila mwenye nyumba ni moja: kutoboa bati zima katika nchi yenye misimu miwili ya mvua kwa mwaka, angalau kwetu tulio kusini.

Hofu hiyo ina msingi, ila tatizo haliko kwenye tundu, liko upande wa juu wa tundu, pale ambapo maji yanayoteremka hukuta kizuizi na kutafuta pa kupenya. Silikoni peke yake haitoshi. Bati hutanuka mchana na kusinyaa usiku, na baada ya muda silikoni huachia. Kinachodumu ni kola ya mpira inayolibana bomba na kukandamizwa ifuate mikunjo ya bati, au bapa la bati lililokatwa makusudi ambalo ukingo wake wa juu umeingizwa chini ya kofia ya paa, ili maji yapite juu yake kama yanavyopita juu ya bati jingine lolote. Kwa hiyo tundu likiwa karibu na kilele cha paa kazi huwa rahisi: maji ya kuteremka hapo ni machache na bapa halihitaji kuwa refu. Paa la vigae vya udongo ni rahisi zaidi, kwa kuwa kigae kimoja hutolewa na kingine chenye bomba kikawekwa mahali pake. Paa la zamani la asbesto lisikatwe kabisa, kwa sababu vumbi lake huharibu mapafu. Hapo rudi ukutani hata kama safari ni ndefu.

Gharama nyingine ya paani ni bomba lenyewe, ambalo hupita katika dari lenye baridi. Mvuke hupoa ndani yake na kurudi kama matone, na matone huangukia injini ya feni. Bomba likizungushiwa sponji au sufi ya kuzuia joto, tatizo hupungua sana. Entebbe sikuliona kuwa kubwa, lakini kwa mtu wa Kabale au Kisoro nisingemshauri alipuuze. Kitokeo kiwe na kofia inayozuia mvua na wavu wa matundu mapana kidogo wa kuzuia ndege na popo. Wavu wa mbu haufai hapo, kwa kuwa huzibwa na vumbi na nyuzi za taulo, na huku ziwani usubi ukipita kwa makundi huuziba kwa usiku mmoja.

Njia huamua feni

Watu wengi huchagua feni kwanza na njia baadaye, na hapo ndipo fedha hupotea. Feni ya mapanga ya bei ya kawaida husukuma hewa nyingi pasipo kizuizi, lakini nguvu yake ya kushindana na kizuizi ni ndogo: inafaa ukutani, inavumilia mita moja na nusu ya bomba lililonyooka, na ikipewa mita tatu za bomba laini lenye kona mbili hubaki ikipiga kelele tu. Kwa paani chukua feni inayofungwa katikati ya bomba, juu ya dari, ambayo imeundwa kwa safari ndefu. Ni ghali zaidi, ila kelele yake hubaki juu, na iko mbali na maji ya shawa.

Ukubwa hupimwa kwa hesabu nyepesi. Bafu letu lina urefu wa mita 2.4, upana wa mita 1.8 na kimo cha mita 2.7, yaani karibu mita za ujazo 11.7. Tukitaka hewa yake ibadilishwe mara nane kwa saa, feni itoe mita za ujazo zipatazo 93 kwa saa. Kwa kulinganisha, mwongozo wa ujenzi wa Uingereza hutaka lita 15 kwa sekunde kwa bafu, ambazo ni mita za ujazo 54 kwa saa, na kanuni ya kawaida ya nyumba Marekani ni futi za ujazo 50 kwa dakika, karibu mita za ujazo 85 kwa saa. Takwimu iliyoandikwa kwenye boksi hupimwa bila bomba, kwa hiyo ichukue kama ahadi ya mchumba.

Matundu yetu ya hewa, rafiki anayeweza kukugeuka

Jambo hili linazihusu hasa nyumba zetu, kwa sababu madirisha yetu mengi yana matundu ya kudumu. Feni ikifungwa karibu na matundu yaliyo juu ya dirisha, huvuta hewa ya nje kupitia matundu hayo na kuirudisha nje palepale, na mvuke ulio juu ya shawa haujui kama kuna feni. Feni iwe upande wa shawa, mbali na dirisha na mbali na mlango kadiri inavyowezekana, na matundu yaliyo karibu nayo yazibwe. Hewa ya kuchukua nafasi ya ile inayotoka iingie chini ya mlango kupitia mwanya wa sentimita moja. Usiyazibe matundu yote: umeme ukikatika, hayo ndiyo yatakayobaki yakifanya kazi.

Kuna jaribio lisilogharimu kitu. Washa koili ya mbu, isimamishe sakafuni penye shawa, funga mlango, washa feni, na utazame moshi. Ukipanda na kuelekea kwenye feni kwa mstari, kazi ni njema. Ukizubaa katikati ya chumba huku karatasi ya chooni uliyoiweka kwenye kichungi cha feni ikinata, ujue feni inavuta hewa ya dirishani.

Hewa inayoingia chini ya mlango hutoka ndani ya nyumba, na hilo lina hatari yake. Hita ya gesi iliyofungwa bafuni, au sigiri ya makaa inayowaka jikoni kando ya ukumbi huohuo, vyote viwili hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, na feni yenye nguvu inaweza kuivutia mahali mtu anapooga. Mwenye hita ya gesi bafuni aihamishe nje kwanza.

Kuhusu umeme sina mengi. Feni ya milimita 100 hutumia wati 10 hadi 20. Ya wati 15 ikiwashwa saa moja kila siku haimalizi nusu ya yuniti ya Yaka (umeme wetu wa kulipia kabla) kwa mwezi, ilhali shawa ya umeme ya wati 5,000 hula zaidi ya hizo kwa mtu mmoja aliyeoga dakika kumi. Kwa hiyo nunua ile inayoendelea kuzunguka dakika 15 baada ya taa kuzimwa, kwa kuwa unyevu mwingi hutoka kwenye kuta na mataulo baada ya mtu kuondoka. Swichi iwe nje ya bafu, na sakiti ilindwe kwa kifaa kinachokata umeme unapovuja kwa miliampea 30.

Mimi leo, kama bafu lina ukuta wa nje usiopigwa sana na mvua, natoboa ukuta bila kufikiri mara mbili. Kama halina, naenda paani na kumlipa fundi wa bati pamoja na fundi wa umeme, kwa sababu mmoja hawezi kufanya kazi ya mwenzake. Kofia ya ukutani naisafisha mwenyewe kwa mswaki wa zamani kila mwanzo wa mwezi, nikisimama juu ya kiti. Ile ya paani husubiri hadi siku fundi atakapopanda kwa shughuli nyingine, na hiyo nayo ni tofauti kati ya njia hizi mbili ambayo dukani sikutajiwa.